Mkono Usiokuwepo na Swali la Akili na Mwili

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa huja saa kumi na moja jioni, na Mjomba ndiye wa kwanza kupokea kikombe. Anakishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto unaishia chini kidogo ya kiwiko; uliondoka na baruti ya kuvulia samaki enzi za ujana wake, na siku hiyo hapendi kuisimulia. Juzi alikatisha maneno, akaweka kikombe chini, akaanza kukuna hewa pale ambapo kiganja kingekuwa.

"Mjomba, vipi?"

"Kidole gumba, mwanangu. Kinawasha tangu adhuhuri."

Kidole hakipo. Mwasho upo, na Mjomba si mtu wa kuzua. Sasa huo mwasho uko wapi? Hewani? Kwenye kigutu? Kichwani? Au hauko mahali popote? Ukianza kujibu, umeshaingia katika kile wanafalsafa wanachokiita swali la akili na mwili.

"Akili" hapa si ile ya kusifia mtoto anayeshika namba moja darasani. Ni yote yanayotupitia ndani: kuwaza, kuumia, kutamani, kukumbuka, kuonja uchungu wa kahawa. Mwili ni kile chenye uzito na kinachochukua nafasi, unachoweza kukipima kwa mizani. Swali ni moja tu: hivi viwili vinahusianaje, na je, ni viwili kweli?

Kiswahili chenyewe hakina neno moja la upande ule wa kwanza, na mimi naona ni afadhali. Nafsi husuta. Roho huuma, na siku yake ikifika hutoka. Moyo hukataa. Aliyezimia hatusemi amepoteza akili, tunasema amepoteza fahamu. Aliyepoteza akili ni mwingine kabisa, na huyo anatembea. Kuyafunga yote haya katika neno moja, "akili", ni kurahisisha mno, lakini ndilo vitabu vimezoea, tuendelee nalo.

Jibu la kale, na ambalo wengi wetu tumelelewa nalo, ni uwili: nafsi ni kitu kimoja, mwili ni kingine. Huku pwani picha yake iko wazi kuliko vitabuni. Kwenye ngoma za pepo, mtu aliyepandwa huitwa kiti. Kinywa ni chake, anayesema ni mwingine. Mwili ni kitu cha kukaliwa, na mkaaji anaweza kubadilika.

Mwanafalsafa aliyeupa uwili sura yake maarufu ni Mfaransa René Descartes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1641. Alisema mwili ni kitu chenye urefu na upana, nafsi ni kitu kinachofikiri, na kimoja kinaweza kuwapo bila kingine. Lakini watu humsoma nusunusu. Mle mle aliandika kwamba yeye hakai mwilini kama nahodha chomboni. Jahazi likigonga mwamba, nahodha huona ubao umevunjika. Hasikii maumivu ya ubao. Mimi nikijikata, sikai nikaona tu kwamba nyama imefunguka. Naumia.

Na Descartes alikuwa na habari za watu kama Mjomba. Alitaja waliokatwa mkono au mguu wakaendelea kuumia pale pasipo kitu. Akaeleza kwa mfano wa kamba: ukiivuta mwishoni au katikati, ncha ya upande wa pili hucheza vilevile. Mvuvi hahitaji kuambiwa mara mbili. Mshipi ukivutwa na changu au ukikwama kwenye jiwe, mkono wako juu ya ngalawa hupata mshtuo, na mara nyingine unadanganyika. Mshipa wa fahamu wa kwenye kigutu ukiguswa, ubongo hupokea habari ileile ya kidole gumba.

Maelezo mazuri, ila yanaishia kwenye ubongo. Kutoka hapo kwenda kwenye nafsi isiyo na urefu wala uzito, kamba inafungwa wapi? Swali hilo alilipokea kwa barua mwaka 1643 kutoka kwa binti mfalme Elisabeth wa Bohemia: kitu kisicho mwili kinausukumaje mwili? Descartes alijibu kwa heshima nyingi, na baadaye akaweka matumaini yake kwenye tezi ndogo katikati ya ubongo. Kwa maoni yangu Elisabeth alishinda. Tezi nayo ni nyama.

Mwanafalsafa wa Uholanzi, Spinoza, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1677 akiwa ameshafariki, alikata fundo kwa kusema hakuna vitu viwili vya kuunganishwa. Ni kitu kimoja kinachoonekana kwa sura mbili. Wengi hupenda jibu hili. Mimi huwa najiuliza kama halijabadilisha tu jina la swali.

Upande mwingine kabisa ni uyakinifu: kilichopo ni maada tu. Katika miaka ya 1950, wanafalsafa U. T. Place na J. J. C. Smart walisema maumivu ni shughuli fulani ya ubongo, kama vile radi ni umeme na si kitu kingine kinachofuatana nao. Kwa Mjomba, basi, mwasho uko kichwani: sehemu ya ubongo iliyokuwa ikihudumia mkono haikukatwa pamoja na mkono.

Aliyewatia mchanga kitumbua ni pweza. Mwanafalsafa Mmarekani Hilary Putnam, mwaka 1967, aliuliza: kama maumivu ni hali fulani ya ubongo wa binadamu, pweza je? Sehemu kubwa ya seli zake za fahamu zimo mikononi, si kichwani. Tuseme haumii kwa sababu hakuumbwa kama sisi? Putnam akaona maumivu yatambulike kwa kazi yanayoifanya, si kwa nyama yanamofanyikia. Msimamo huo huitwa uamilifu, na ndio unaowafanya watu leo waulize kama kompyuta inaweza kuwa na akili.

Kuna kitu bado kinaponyoka. Mwanafalsafa Thomas Nagel, mwaka 1974, alimtumia popo, wale wa aina tunaowakuta mapango ya Amboni, anayetafuta njia gizani kwa mwangwi wa sauti yake. Pima ubongo wake wote, chora kila mshipa. Bado hutajua kuwa popo kunakuwaje kwa popo mwenyewe. Mwenzake David Chalmers, mwaka 1995, aliliita hili swali gumu: kwa nini shughuli zote hizo za ubongo ziambatane na kuhisi chochote?

Jioni ile nilijaribu kumweleza Mjomba habari za ubongo na ramani yake ya mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna kashata taratibu.

"Sawa, mwanangu. Sasa huo ubongo nitaukunaje?"