Dimenshia si usahaulifu

Juzi kwenye daladala ya Nyegezi, hapa Mwanza, kijana alipitiliza kituo, akagonga bati huku akicheka: "Konda, shusha! Nina dimenshia mimi." Abiria wakacheka. Mimi nilishindwa, maana wiki hiyohiyo shangazi mmoja alikuwa ameniambia habari za mama yake mzazi: "Amekuwa msahaulifu tu, uzee huo."

Dimenshia ni kudhoofika kwa kumbukumbu, lugha na uamuzi hadi mtu ashindwe shughuli zake za kila siku, kwa sababu ubongo umeharibiwa na maradhi. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, asilimia 60 hadi 70 ya wenye dimenshia. Kiharusi nacho huileta. Huwapata zaidi wazee, lakini wazee wengi hawanayo.

Sasa hili neno kusahau. Limetoka Kiarabu, sahw, yaani kughafilika. Waislamu wanalijua vizuri: ukighafilika na hesabu ya rakaa, unaleta sijida mbili za kusahau, swala inatimia. Ndani ya neno mna kuzinduka: uliteleza, umejua, umerekebisha. Kijana wa daladala alijua kituo kimempita. Huko ndiko kusahau.

Kirumba nilimjua bibi aliyeparua sato mwaloni miaka nenda rudi. Hakusahau alikoweka kisu. Kisu alikuwa nacho mkononi, anakigeuzageuza, anamtazama samaki, hajui aanzie wapi. Jua linazama yeye anatusalimia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Ukimwambia ni jioni anakutazama kwa hofu, kama wewe ndiye uliyechanganyikiwa.

Ukimwita mtu huyu msahaulifu utamkemea, kwa sababu msahaulifu anaweza kujitahidi. "Mama, si nimekwambia sasa hivi!" Na siku atakapotoka usiku akakutwa amesimama uani kwa watu, anaongea peke yake, usahaulifu hautatosha tena kueleza. Watu watatafuta neno jingine, na huku Usukumani tunalijua: mchawi. Kanda hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote waliyotupikia. Sembuse huyo wa uani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa daladala, wewe ulipitiliza kituo. Nawe shangazi, huo si usahaulifu, wala si uzee. Mpeleke mama hospitali apimwe, kwa maana hitilafu ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata baadhi ya dawa anazomeza, huleta dalili kama hizo, na hayo yanatibika. Ikionekana ni dimenshia yenyewe, ya kuiponya bado haijapatikana, ila mtajua anaumwa nini, na majirani mtawaambia mapema. Akikusalimia mwangaluka saa kumi na mbili jioni, mwitikie mwangaluka.