Kutunza ngozi kwa ujumla wake ni kitu gani hasa?

Watu wengi wakisikia hii habari ya kutunza ngozi kwa ujumla wake wanajua ni seti, yaani sabuni, losheni, seramu na kile kichupa cha "kusafisha damu" ambacho dada wa dukani atakuapia bila hicho vingine havifanyi kazi. Hamna kitu kama hicho. Damu inasafishwa na figo na ini, tena bure. Dhana yenyewe ni nyepesi tu, kwamba ngozi huiangalii peke yake, unaiangalia pamoja na maji unayoogea, jua linalokupiga, msosi, usingizi, mawazo na vile unavyojipaka, halafu unaanza kurekebisha hayo ya kila siku kabla hujakimbilia dawa.

Kwa nini ya kila siku? Kwa sababu lile tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zimepangwa kama matofali na katikati kuna mafuta ndo saruji yake, na kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Sasa huo ukuta unajengwa upya muda wote, ngozi ya juu inachukua kama wiki 4 hivi kujibadilisha, kwa hiyo mtu anayekuahidi ung'ae ndani ya siku tatu mkimbie.

Chukua Arusha mwezi wa saba. Baridi ile, mtu anachemsha maji mpaka bafu zima mvuke, anakamata dodoki na sabuni ya mche ile ile ya kufulia, anajisugua mpaka aone ametakata, anatoka anavaa sweta mbio mbio maana daladala inamwacha, mafuta hajapaka. Jioni miundi imepauka, inawasha, anakuna, kesho anakuna tena, mwisho zinabaki alama nyeusi na anaanza kuambia watu ana aleji ya maji ya Arusha. Aleji wapi! Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa juu asidi ni kidogo) ya 9 mpaka 10 wakati ngozi yenyewe iko kwenye 5 na ushee, ukichanganya na maji ya moto hapo ile saruji yote imeenda na povu. Oga maji ya uvuguvugu, usikae sana, povu peleka kwapani, kwenye mapaja na miguuni, mikono na mgongo havihitaji kusuguliwa kila siku kama sufuria. Ukimaliza jifute kwa kugusagusa na ngozi ikiwa bado mbichi paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Yale hayaongezi maji, yanayafungia yaliyopo, ndo maana ukipaka kwenye ngozi kavu unabaki unang'aa tu na kuwasha kuko pale pale.

Mji wa Moshi kesi nyingine, huko joto na jasho, shida kubwa ni fangasi kwenye mikunjo, kwa hiyo kujikausha vizuri na kubadilisha nguo iliyolowa jasho ndo matunzo yenyewe.

Jua nalo watu wanalidharau kwa sababu Arusha kuna kaubaridi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari na miale inaongezeka karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, baridi haiizuii. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatusaidia sana sisi weusi ila doa la chunusi likipigwa jua linakolea na linachelewa kutoka. Kofia na mikono mirefu vinatosha kwa wengi wetu, kwa mwenye ualbino sanskrini (losheni ya kukinga jua) siyo urembo, ni kinga ya saratani, na ndo maana pale KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, ilianza kutengenezwa sanskrini inayoitwa Kilisun.

Msosi na usingizi sitavirefusha. Sukari nyingi inaweza kuchochea chunusi kwa baadhi ya watu, kukesha na mawazo vinaamsha pumu ya ngozi. Maji kunywa, ila kama huna kiu lita za ziada hazitakulainisha.

Halafu mkorogo, zile krimu za kujichubua. Hapa naomba tuwe serious: ukitunza yote hayo halafu unapaka krimu isiyo na lebo umerudi sifuri, maana humo mara nyingi kuna haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Na siyo wanaojichubua tu, kuna mtu ana fangasi anauziwa krimu ya betamethasone, ambayo ni steroidi, wiki ya kwanza kuwasha kunaisha anasifia dawa, kumbe fangasi wanasambaa kimya kimya na ngozi inazidi kuwa nyembamba.

Na yapo ambayo mafuta na kofia haviyawezi. Kidonda kisichopona, alama inayobadilika rangi au kukua, upele unaowasha usiku nyumba nzima, hayo ni ya hospitali. Na ukiona baka limepauka halafu ukiligusa husikii kitu, usilipake chochote, nenda wakalipime, inaweza kuwa ukoma, dawa zake ni bure na ukiwahi unapona bila kilema.