Misuli ya Miguu Kukaza Usiku: Maswali na Majibu

Nimelala vizuri, ghafla kigimbi kinakaza na maumivu hayavumiliki. Ni nini hiki?

Ni msuli umejikaza bila hiari yako na umegoma kulegea. Mara nyingi ni kigimbi, ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti. Wakati mwingine ni unyayo au nyuma ya paja. Ukipapasa unakuta fundo gumu chini ya ngozi, na vidole vya mguu vimevutwa kuelekea chini. Hudumu kuanzia sekunde chache hadi dakika kadhaa, na mara chache hufika dakika 10. Hata fundo likishaachia, msuli unaweza kuuma mpaka kesho yake, ndiyo maana wengine huamka wakichechemea.

Nifanye nini papo hapo?

Unyooshe msuli uliokaza. Hakuna kidonge kinachofanya kazi haraka kuliko hivyo, kwa sababu mpaka kidonge kiyeyuke tumboni, maumivu huwa yameshapita.

Ukiwa kitandani, nyoosha goti, shika vidole vya mguu uvivute taratibu kuelekea kwako. Kama huvifikii, pitisha taulo chini ya unyayo, shika ncha zake mbili, kisha vuta. Ukiweza kusimama, kanyaga kwa unyayo wote, kisigino kikiwa chini, shika ukuta na uegemee mbele kidogo. Tulia hapo mpaka usikie fundo linalainika. Usivute kwa kushtukiza. Likishaachia, chua msuli kwa kiganja na utembeetembee chumbani. Kitambaa chenye joto husaidia maumivu yanayobaki.

Kwa nini kuvuta vidole kunatuliza?

Msuli hupokea amri kutoka kwa neva zinazoanzia kwenye uti wa mgongo. Unapokaza hivi, neva hizo huwa zinarusha amri mfululizo bila kupumzika. Sasa, kwenye kano, pale msuli unapoungana na mfupa, kuna vihisio vinavyopima mvutano. Kano ikivutwa, vihisio hivyo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na neva za msuli ule hutulizwa.

Hapo ndipo unapoelewa pia kwa nini jambo hili hupenda usiku. Tukilala, unyayo huelekea chini na kigimbi hubaki kimefupika, na msuli uliofupika hukaza kwa urahisi zaidi. Blanketi zito lililochomekwa chini ya godoro huzidi kusukuma vidole chini. Lilegeze upande wa miguuni.

Chanzo chake hasa ni nini?

Kwa watu wengi hakipatikani chanzo kimoja, hata vipimo vyote vikifanywa, na hilo lisikutie hofu. Yanayojulikana kuchangia ni umri, hasa baada ya miaka 50, uchovu wa misuli kwa waliosimama kutwa nzima au waliofanya mazoezi wasiyoyazoea, na ujauzito. Kupoteza maji na chumvi kwa jasho jingi, kuhara au kutapika kunaweza pia kuleta hali hii. Aliyetoka jasho sana au aliyeharisha anahitaji kurudisha chumvi pamoja na maji, kwa hiyo dawa ya ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) humfaa kuliko maji matupu.

Yapo magonjwa yanayoambatana nayo: kisukari, ugonjwa wa figo (hasa kwa wanaosafishwa damu kwa mashine), ugonjwa wa ini, na tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango. Halafu kuna dawa, ambazo watu huzisahau kabisa. Dawa za kuongeza mkojo wanazopewa wenye shinikizo la damu, baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli, na dawa za kupanua njia ya hewa kwa wenye pumu, zote zinaweza kuhusika. Kama misuli ilianza kukaza muda mfupi baada ya kuanza dawa mpya, mweleze aliyekuandikia. Usiiache mwenyewe.

Je, ndizi na vidonge vya magnesiamu vinasaidia?

Ndizi ni chakula kizuri, lakini ukila moja jioni usitarajie itazuia maumivu ya usiku huo. Wengi wanaosumbuliwa hawana hata upungufu wa potasiamu. Kuhusu magnesiamu, uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, uliona kuwa kwa watu wazima wenye umri mkubwa haielekei kuleta nafuu ya maana. Kwa wajawazito matokeo yanapingana. Mwenye ugonjwa wa figo asimeze vidonge hivi wala vya potasiamu bila kupimwa damu, kwani madini hayo yakirundikana huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Nimeambiwa kwinini, ile dawa ya malaria, ndiyo dawa yake.

Usiinunue kwa ajili hiyo. Ni kweli ilitumika kwa miaka mingi, na inaweza kupunguza kidogo idadi ya mikazo, ila madhara yake ni makubwa kuliko maumivu unayoyakimbia. Inaweza kushusha vibaya chembe zinazogandisha damu, kuharibu figo na kuvuruga mapigo ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2010 dhidi ya kuitumia kwa tatizo hili, na miongoni mwa taarifa ilizopokea kulikuwa na vifo.

Naweza kuzuia vipi?

Nyoosha misuli kabla ya kulala. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha watu 80 wenye umri wa zaidi ya miaka 55. Waliojinyoosha kila usiku kwa wiki 6 walipata mikazo michache zaidi, na maumivu yake yalipungua kuliko kwa wenzao wasiojinyoosha. Zoezi lenyewe ni dogo: simama ukitazama ukuta, uweke viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma goti likiwa limenyooka, kisigino kisinyanyuke, kisha egemea mbele mpaka kigimbi kivutike. Hesabu hadi 10, pumzika, rudia mara 3, halafu badilisha mguu. Usikate tamaa baada ya siku mbili.

Mjamzito anaweza kufanya zoezi hilohilo, ila amweleze mkunga kabla ya kutumia kidonge chochote.

Lini niende hospitali?

Nenda siku hiyohiyo kama mguu mmoja umevimba, una joto, umebadilika rangi na unauma bila kuachia. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, kulazwa au safari ndefu ya kukaa. Mguu kama huo usichuliwe. Ukiongezeka upungufu wa pumzi wa ghafla au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura.

Kigimbi kinachouma kila ukitembea na kutulia ukisimama ni habari nyingine: mishipa ya damu ya mguu huenda imeziba kiasi, na wavutaji sigara na wenye kisukari wako hatarini zaidi. Mwone daktari pia ikiwa misuli inadhoofika, una ganzi, au unakosa usingizi mara kwa mara. Beba dawa zako zote unazotumia, hata zile ulizonunua mwenyewe, azione.