Portland ilishindwa kesi, ila hoja yake ilikuwa sahihi

Wanafunzi wengi wa sheria za mawasiliano huanza na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2005, kesi ya Brand X. Mimi huwarudisha nyuma hadi Portland, Oregon, mwishoni mwa 1998, maana huko ndiko swali lilikoulizwa bila kuzungushwa: je, mwenye waya amchagulie mteja mtoa huduma wa intaneti?

AT&T (kampuni kubwa ya simu) ilikuwa inainunua TCI, kampuni kubwa ya televisheni ya kebo, na leseni za TCI zisingehamia kwake bila kibali cha mamlaka za miji. Portland na Kaunti ya Multnomah zikakubali kwa sharti moja: watoa huduma wengine nao waruhusiwe kuitumia kebo hiyo kwa malipo. AT&T ikakataa, ikaenda mahakamani.

Sharti lile halikutoka hewani. Intaneti ya kebo ya TCI iliuzwa pamoja na huduma ya @Home, hukupewa nyingine. Ukitaka kubaki na AOL, mtoa huduma mkubwa wa intaneti, au na kampuni ndogo ya mjini kwenu, hakuna aliyekuzuia. Ila @Home ulishailipa kama dola 40 za mwezi, kisha unamlipa na huyo wa pili. Nani atakubali? Kwenye intaneti ya simu ya kawaida mtu alipiga namba ya mtoa huduma yeyote amtakaye, na kampuni ndogo kwa maelfu ziliishi hivyo. (Upendeleo huo haukuiokoa @Home: ilifilisika 2001.)

Kampuni za kebo zilijitetea kwa hoja za kiufundi, nazo si za kupuuzwa. Waya wa simu ni wa nyumba yako peke yako hadi kituoni, kwa hiyo unaweza kukabidhiwa kampuni nyingine. Kebo haiko hivyo. Chaneli moja ya televisheni, yenye upana wa megahezi 6, ilitengwa kwa ajili ya data na kubeba takriban megabiti 27 kwa sekunde, na nyumba za eneo zima ziligawana hizo hizo. Huwezi kumkatia mshindani kipande chake. Lakini ruta, vifaa vya kupitishia data, zinaweza kuzielekeza pakiti (vipande vya data) za kila mteja kwa mtoa huduma wake, na hilo lilifanyika kweli. Muungano wa AOL na Time Warner ulipoidhinishwa, FTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia ushindani wa kibiashara, ilitaka EarthLink, mtoa huduma mshindani, ianze kuuza huduma kwenye kebo za Time Warner kabla ya AOL yenyewe. EarthLink ikauza.

Juni 1999 jaji wa kwanza aliipa Portland ushindi. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Rufani ya Kanda ya 9 ikautengua, na sababu yake ndiyo inayonivutia mpaka leo: kusafirisha data kwa kebo, walisema majaji, si huduma ya televisheni bali ya mawasiliano, hivyo mji hauna mamlaka juu yake. Mji ukashindwa. Lakini kwa sheria ya mawasiliano ya 1996, anayetoa huduma ya mawasiliano ana wajibu wa kuhudumia wote bila ubaguzi! Ufunguo sasa ulikuwa mikononi mwa FCC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano.

FCC ikafunga. Machi 2002 ilitangaza kuwa intaneti ya kebo ni “huduma ya habari”, si ya mawasiliano, hivyo haibebi wajibu huo. Brand X, mtoa huduma mdogo wa California, akapinga hadi Mahakama ya Juu na kushindwa kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Scalia, mmoja wa hao watatu, aliyataka maoni yake ya kupinga yaeleweke na kila mtu: kampuni ya kebo ni sawa na duka linalouza piza na kuzipeleka majumbani, halafu lidai halitoi huduma ya kupeleka.

Kampuni za simu zilikuwa na lalamiko la haki: kwa nini sisi tulazimishwe kuwapa washindani waya zetu, ilhali kampuni za kebo hazilazimishwi? Usawa ungepatikana kwa kuzifungua njia zote mbili. Agosti 2005, wiki chache baada ya hukumu, FCC ikaitoa DSL, yaani intaneti ya waya wa simu, nayo kwenye wajibu uleule. Familia nyingi zikabaki na chaguo mbili, kebo au simu, na kwingine moja tu. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, kampuni ya simu ya BT ilianzisha kitengo cha Openreach ili washindani wauziwe matumizi ya waya zake za shaba kwa masharti sawa na BT yenyewe.