Jinsi Athens ya kale ilivyofunga mianya ya rushwa mahakamani

Urithi wa Wagiriki wa kale ukitajwa, watu hukimbilia falsafa na michezo ya Olimpiki. Mimi naona kazi yao moja iliyofikiriwa kwa makini kabisa ni utaratibu wa kuwapata waamuzi wa kesi mjini Athens katika karne ya 4 KK.

Mahakama hizo hazikuwa na hakimu msomi. Raia wa kawaida walisikiliza, wakapiga kura, na uamuzi wao ulikuwa wa mwisho. Kila mwaka waliapishwa wanaume 6,000 wenye umri wa miaka 30 na kuendelea; wanawake, watumwa na wageni hawakuhusika. Kesi ndogo ya madai ilikuwa na waamuzi 201, ile iliyozidi drakma 1,000 (sarafu ya Athens) ilikuwa na 401, na kesi za umma kwa kawaida 501. Hata wingi huo haukuzuia rushwa. Aristotle anaandika kwamba wa kwanza kuwahonga waamuzi alikuwa jemadari Anytus, aliposhtakiwa baada ya Athens kuipoteza ngome ya Pylos, mwaka 409 KK hivi. Dawa iliyopatikana ni kuhakikisha kwamba hadi asubuhi ya kesi hakuna anayejua nani ataamua nini.

Kila mwamuzi alikuwa na kibao chake, cha shaba na baadaye cha mbao, chenye jina lake, la baba yake, mtaa wake, na herufi moja kati ya 10, alfa hadi kapa. Alfajiri alikwenda kwenye lango la kabila lake (raia waligawanywa katika makabila 10 ya kiutawala) na kukitumbukiza katika sanduku lenye herufi yake. Ofisa alichomoa kibao kimoja kutoka kila sanduku, na mwenye kibao hicho ndiye aliyepanga vibao vyote vya herufi ile. Mpangaji alibadilishwa kila siku kwa bahati nasibu, na Aristotle anataja sababu waziwazi: mtu yule yule akipanga kila siku, atafanya hila.

Vibao vilichomekwa kwenye kleroterioni, bamba lililosimama wima, lenye safu 5 za matundu membamba zinazoshuka chini, safu moja kwa kila herufi. Kila kabila lilikuwa na mabamba mawili. Ubavuni palikuwa na mrija wa kumiminia dadu nyeupe na nyeusi zilizochanganywa, zikitoka chini moja moja. Dadu ya kwanza ilihusu mstari wa kwanza wa mlalo, wenye vibao vya watu 5: nyeupe, wote wanaingia; nyeusi, wote wanarudi nyumbani. Tuseme kabila linatakiwa kutoa watu 100. Kila bamba litoe 50, yaani dadu nyeupe 10. Kama safu fupi kuliko zote ina vibao 25, nyeusi zitakuwa 15. Walio chini ya mstari wa 25 wamekosa siku hiyo, kwa sababu mistari yao haijakamilika.

Aliyepita alichota kokwa lenye herufi ya mahakama, akaliinua ofisa alione, na kibao chake kikawekwa kwenye sanduku la mahakama hiyo ili asijipeleke anakotaka. Kisha akapewa fimbo ya rangi ile ile ya linta ya mlango anaopaswa kuingilia. Akikosea mlango, rangi ya fimbo inamuumbua.

Ndani, hotuba zilipimwa kwa saa ya maji. Moja ya udongo iliyochimbuliwa katika Agora, uwanja wa soko wa Athens ya kale, huchukua lita 6.4 na kumalizika kwa dakika 6 hivi. Karibu na mdomo ina tundu la kumwagia maji ya ziada, ili kila mzungumzaji aanze na kiwango sawa. Katika kesi za madai bomba la kutolea maji lilizibwa sheria au ushahidi ukisomwa.

Kura ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Kila mmoja alipewa visahani viwili vya shaba vyenye mhimili katikati: mmoja una tundu, kura ya kumuunga mkono mshtaki, mwingine mzima, ya kumuunga mkono mshtakiwa. Ukishika mhimili kwa kidole gumba na cha shahada, ncha zote zimefunikwa na jirani haoni kitu. Kisahani cha kuhesabiwa kiliingia mtungi wa shaba, cha kutupwa kiliingia wa mbao. Kura zikilingana, mshtakiwa ameshinda. Aliyepiga kura alipewa kipande chenye herufi gama, yaani 3, cha kuchukulia malipo ya oboli 3 (sarafu ndogo), asiyepiga hakulipwa.

Maelezo haya ya Aristotle tunayo kwa sababu ya nakala yake iliyoandikwa kwenye mafunjo, iliyopatikana Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Vipande vya mabamba yenyewe viko katika jumba la makumbusho la Agora.

Wazo la kuwateua raia kwa bahati nasibu limerudi. Bunge la Raia la Ireland la 2016 hadi 2018, baraza la kutoa mapendekezo tu, lilikuwa na wajumbe 99 walioteuliwa hivyo, na pendekezo lao kuhusu utoaji mimba lilipelekwa kwenye kura ya maoni ya Mei 2018, likapita kwa asilimia 66.4. Hata hivyo, mapema mwaka huo iligundulika kwamba wajumbe 7 wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi walikuwa wamepatikana kwa kujuana, kupitia mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kuwatafuta. Athens isingemwachia mtu mmoja kazi hiyo hata kwa siku mbili mfululizo.