Halmashauri ya kijiji si mwenyekiti na mtendaji wake

Juzi nimeisikia tena redioni: "Halmashauri ya kijiji imeamua kutoa eneo kwa mwekezaji, na wananchi wameshirikishwa kikamilifu." Sentensi moja, makosa mawili, na mtangazaji hakuvuta hata pumzi. Maneno hayohayo nimeyasikia msibani, kwenye kikao cha wazazi, na kwenye taarifa za miradi zile zenye picha za watu wameshika majembe. Nimevumilia vya kutosha.

Maana kwanza, tena haraka. Halmashauri ya kijiji, kwa Tanzania Bara, ni chombo cha watu 15 hadi 25 waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Yumo mwenyekiti wa kijiji, wamo wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine. Wanawake wasipungue robo. Kinatakiwa kukaa kila mwezi. Kina kamati zake za fedha na mipango, huduma za jamii, ulinzi na usalama, na kikishasajiliwa kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Yote hayo yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Mtaa wa mjini hauna halmashauri, una kamati ya mtaa, ila huo ni ugomvi wa siku nyingine. Na afisa mtendaji, ambaye watu humwita "serikali" akipita na pikipiki yake, hakuchaguliwa na mtu. Ni mwajiriwa, na kwenye vikao ni katibu.

Neno lenyewe sasa. Halmashauri imebeba mashauri tumboni, na mashauri ni wingi wa shauri. Mzizi tuliupata kwa Waarabu, tukazaa nao ukoo mzima: ushauri, mshauri, kushauriana, na shura ya msikitini ni ndugu wa humohumo. Kwetu shauri limeota matawi yake. Kuna la nasaha: nipe shauri. Kuna la sababu: tumechelewa kwa shauri ya mvua. Kuna lile la kumwachia mtu mzigo wake: shauri yako! Na kuna la mahakamani, ambalo ndilo ninalolitaka hapa. Ukiambiwa shauri liko mahakamani, unaelewa kwamba bado halijaamuliwa. Uamuzi wake ndio huitwa hukumu. Kwa hiyo chombo kilichopewa jina la mashauri kimepewa kazi ya kuyapokea mambo, kuyachambua na kuyapeleka panapoamuliwa, kisha kurudi kuyatekeleza. Ajabu ni kwamba vijijini maana iliyoshika mizizi ni ile ya tatu. Mradi ukiharibika: shauri yenu.

Kilichozidisha mkanganyiko ni kwamba neno hili likitajwa peke yake, kila mtu anawaza wilaya. "Nimeenda halmashauri" maana yake nimeenda kwenye lile jengo la mkurugenzi, nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Ukiongeza "ya kijiji," msikilizaji anapata picha ya dirisha dogo la jengo lilelile, kama vile kijiji ni tawi. Lakini tazama miaka. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na halmashauri za wilaya zikaondoka nazo. Halmashauri za vijiji zikaanzishwa kwa sheria ya vijiji ya 1975, wakati wilayani hakuna halmashauri. Zile za wilaya zilirudishwa kwa sheria za 1982. Yaani huyu anayedhaniwa mtoto alikuwepo nyumbani kabla huyo mzazi hajarudi safari. Ni kweli kwamba siku zile mwenyekiti wa tawi la TANU ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na nadhani ile tabia ya kukaa kusubiri maagizo kutoka juu ilianzia hapo. Hata hivyo tabia si sheria.

Sheria inasema mamlaka ya juu kabisa kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji: kila mkazi aliyefikisha miaka 18, bibi mwenye mkongojo na kijana wa bodaboda sawasawa. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Kwenye ardhi mambo yamekazwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaiweka halmashauri kuwa msimamizi wa ardhi mfano wa mdhamini, na wanakijiji ndio wenye kunufaika. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Msimamizi wa mirathi hasimami akasema "nimeamua" juu ya shamba la yatima; watu wangemshangaa. Kwa halmashauri ya kijiji hatushangai, tunasoma taarifa ya habari.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo linalonikosesha usingizi, nalo ni la kisarufi kwanza.

Kushiriki, kushirikisha, kushirikishwa. Watu huyatumia matatu haya kama sare za shule moja. Kushiriki ni mtu kuwa na fungu lake katika jambo; ndiyo maana kuna ushirika, shirika na mshirika. Ukiweka -ish- unapata kauli ya kutendesha: yuko mwingine anayekuingiza. Ukimalizia na -w-, wewe sasa ni wa kufanyiwa. Linganisha na kula, kulisha, kulishwa. Anayekula anakata tonge mwenyewe na kuchagua upande wa sahani. Anayelishwa anafungua mdomo, na mwenye kijiko ndiye anayejua kinachokuja. Basi taarifa ikisema "wananchi walishirikishwa," imekwisha kutuambia kijiko kilikuwa kwa nani. Halafu aya ya pili inauita mradi huohuo "maendeleo yanayoongozwa na jamii." Mtu hawezi kulishwa na kupakua kwa wakati mmoja.

Niliwahi kushika muhtasari wa mkutano wa kijiji kimoja, sikitaji. Ukurasa wa kwanza, ajenda. Wa pili, "wajumbe kwa kauli moja waliridhia." Kisha karatasi tatu za majina, sahihi na dole gumba. Juu ya karatasi ya kwanza palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, "Mahudhurio: chanjo ya mbwa," na neno mbwa limekatwa kwa mstari mmoja. Mhuri ulikuwa mzuri sana, umekaa katikati.

Kwa hiyo halmashauri ya kijiji ina kazi gani katika maendeleo, kama si kuamua? Ina nyingi, na ngumu. Chukua zahanati. Wanakijiji kwenye Mkutano Mkuu wamebishana mpaka jua likazama, zahanati kwanza au ofisi ya kijiji kwanza, wakachagua zahanati na kukubaliana mchango wa kila kaya. Kuanzia asubuhi inayofuata ni zamu ya halmashauri: kuunda kamati ya ujenzi, kutunza stakabadhi, kujua nani kaleta tripu ya mchanga na nani kaleta maneno, kumfuata fundi aliyetoweka na hela ya awali. Boma likifika kwenye lenta, halmashauri inaandika barua wilayani kuomba nguvu ya kupaua. Kila miezi mitatu inasimama mbele ya Mkutano Mkuu na kusoma mapato na matumizi, na mtu yeyote anyooshe mkono aulize mbona mifuko 40 ya saruji imejenga ukuta wa mifuko 25. Hata sheria ndogo, kwa mfano ya kuzuia mifugo kwenye chanzo cha maji, huanzia kwenye halmashauri kama pendekezo, hupelekwa Mkutano Mkuu, kisha halmashauri ya wilaya ndiyo inayoidhinisha.

Ukipita barabarani huwezi kuitofautisha zahanati hiyo na ile iliyokuja na barua yenye kipengele cha "mchango wa jamii: nguvu kazi." Mchanga ni uleule, na ndoo vichwani ni zilezile. Hata utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, uliotungwa ili mipango ianzie kijijini, unaweza kufanywa kwa siku chache za kujaza karatasi za ukutani kisha orodha ikarudi kutoka juu ikiwa na kisima ambacho hakuna aliyekiomba. Cha kuuliza ni nani aliyelitaja jambo kwanza, na nani angeweza kulikataa.

Simlaumu sana mtangazaji wangu. Alisoma alichoandikiwa. Ila safari ijayo, kama mkutano haujakaa, asome hivi: "Halmashauri ya kijiji imependekeza kutoa eneo, Mkutano Mkuu wa Kijiji utakaa kuamua." Na kama umekaa, atuambie uliamua nini, na wangapi walikataa. Maneno hayazidi sana, na tangazo la sabuni litasubiri.