Holobionti: tumbawe pamoja na vijidudu vyake

Tumbawe haliishi peke yake. Ndani ya mwili wake mna mwani wa seli moja wanaolilisha sukari, na ngozi yake imefunikwa na ute uliojaa bakteria, wakiwemo wanaotengeneza dawa za kuzuia vimelea. Mnyama huyo na vijidudu vyake vyote, kwa ujumla wao, ndio huitwa holobionti. Binadamu anapoipasha bahari joto au kuimwagia maji taka, ushirika huo huvurugika mapema, wakati mwingine kabla jicho halijaona kitu.

Mfano mzuri umetoka kwetu. Mwaka 2003 wanasayansi walimpa jina rasmi bakteria Vibrio coralliilyticus, aliyepatikana karibu na Zanzibar kwenye tumbawe lililopauka, yaani lililopoteza mwani wake likawa jeupe. Kwenye maji ya chini ya nyuzi 22 hakuyeyusha nyama ya tumbawe. Yalipofika nyuzi 27 hadi 29, nyama iliyeyuka ukabaki mfupa mweupe. Bakteria ni yule yule. Kilichobadilika ni joto. Kwa kawaida bahari yetu hufika nyuzi hizo na matumbawe yakaishi, kwa kuwa ulinzi wake bado upo. Joto likizidi, ulinzi nao huondoka: huko Florida, ute wa matumbawe ya Acropora palmata uliochukuliwa wakati wa kupauka ulikuwa umepoteza nguvu ya kuua bakteria.

Nyasi bahari nazo zina vijidudu vyake. Chimba kidogo kwenye mizizi yake utakuta tope jeusi linalonuka yai viza. Hiyo ni salfaidi, sumu inayotengenezwa na bakteria wa kwenye tope. Nyasi hujikinga kwa kushusha oksijeni mizizini, na oksijeni hiyo huitengeneza kwa mwanga wa jua. Mbolea na maji taka vikistawisha mwani ukaziba mwanga, oksijeni hupungua, sumu ikapanda hadi kwenye majani.

Ndiyo maana inaniuma kuona nyasi zinang'olewa ili wageni wa hoteli wapate mchanga mweupe. Utafiti wa mwaka 2017 kwenye visiwa vya Indonesia visivyo na mifumo ya maji taka ulikuta kwamba penye nyasi bahari, bakteria wa magonjwa ya binadamu walipungua kwa nusu, na matumbawe ya jirani yaliugua nusu tu ya yale yasiyo na nyasi karibu.